Mkalimani na Redio Yangu

Redio ilikuwa yangu. Naanza na hilo kwa sababu ukimuuliza mtu yeyote wa mtaa wetu wa Waswahili pale Rumonge, aliyekuwa na akili zake miaka ya Uhuru, atakuambia "redio ya Mkalimani", na kiapo atakula. Si yake. Ni yangu mimi. Nililetewa na kaka yangu kutoka Bujumbura siku ya ndoa yangu, ina ubao wa kahawia ubavuni na kitufe kimoja kinachozunguka bila kazi. Yeye alichokuwa nacho ni baraza, mkeka na mdomo.

Na kila siku baada ya alasiri, redio yangu ilivuka njia ikaenda kwake, juu ya kichwa cha mke wangu.

Sitasema Mkalimani alizaliwa wapi wala baba yake alikuwa nani. Mwenyewe alisimulia hayo kila mwezi kwa namna mpya. Mwezi mmoja babu yake alikuwa Mmanyema mwenye bunduki, mwezi mwingine Mwarabu mwenye tasbihi. Nitasema niliyoyaona nikiwa dirishani kwangu, maana mimi ni mtu wa dirishani. Nilisoma sekondari, Kifaransa changu kilisifiwa na mapadri, kisha nikarudi nyumbani kutengeneza saa za watu, kazi ambayo haimtaki mtu atoke nje. Ukinituma sokoni, nitakuuliza kwanza kama haiwezi kungoja kesho. Na meza yangu ya saa ilitazamana na baraza lake. Mungu naye ana mizaha yake.

Tulimwita Mkalimani kwa sababu ndiyo kazi aliyoifanya wakati wa Wabelgiji: kusimama katikati ya mzungu wa ofisi na mtu mwenye shida, akipokea Kifaransa huku, akitoa Kirundi na Kiswahili kule. Alikuwa mrefu, anajua kwamba ni mrefu, na alijipaka mafuta ya karafuu hadi ungejua amepita hata kama ulikuwa umelala. Kanzu yake ilipigwa pasi mpaka ikasimama peke yake. Kuhusu sura, sisemi kitu. Mke wangu, Mama Zaina, alisema siku moja, bila kuulizwa, kwamba ana sauti nzuri. Nikamwambia hata debe lina sauti nzuri. Akasema, "Debe haliulizi, Baba Zaina."

Hapo ndipo penye ugonjwa wangu wote. Yule bwana alikuwa akiuliza.

Barazani kwake mambo yalikwenda hivi. Watu wanakaa, wauza ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, washonaji, wakamuaji wa mawese, wanawake kwa wanaume. Redio (yangu) inafunguliwa, taarifa inasikilizwa yote bila mtu kukohoa. Kisha anaizima. Mwingine angeacha muziki uendelee. Yeye anazima, tena katikati ya wimbo mtamu. Halafu anamnyooshea mtu fimbo.

"Weye. Redio imesema nini?"

Yule anaeleza kwa maneno yake. Wengine wanatega sikio kama paka. Akiongeza neno moja ambalo redio haikusema, baraza lote linapiga kelele "Ameweka chumvi!" na yeye ndiye anayenunua kahawa ya siku hiyo. Nimesikia watu wazima wakibishana mpaka magharibi kama redio ilisema mkubwa fulani "atakuja" ama "anatarajiwa kuja".

"Hizo ni nchi mbili tofauti," Mkalimani alisema. "Mutu wa kutarajiwa, utapika chakula kioze."

Baada ya hapo huja maswali yake. Wengine wanasema yalikuwa matatu, wengine manne; yeye mwenyewe alikuwa akiyageuza. Nani anasema? Ameona au ameambiwa? Anataka ufanye nini baada ya kusikia? Na lile alilolipenda kuliko yote, kwa sababu taarifa ilisomwa kwa Kirundi na kwa Kifaransa: hili limesemwa kwa nani? Alitaka habari ya lugha moja ipimwe na habari ya lugha nyingine, kama mama anavyopima vitambaa viwili dukani kabla hajakata. "Mutu akinena na jirani yake maneno haya, na akinena na mugeni maneno yale," alisema, "usimwite mwongo haraka. Kaa katikati. Ukweli unapita katikati kila siku unaenda kuoga ziwani."

Nilimwambia mke wangu kwamba hiyo methali haipo, ameitunga. Akasema, "Basi ametunga vizuri."

Alijulia wapi haya? Hakuficha. Alisimulia mbele ya watu, tena kwa madaha, kwamba mzee mmoja wa upande wa Kigwena aliletwa ofisini kwa ugomvi wa michikichi. Mzee alisema, "Shamba nililima mimi, ndugu yangu alinisaidia." Mpinzani alikuwa amempa Mkalimani mbuzi. Basi kwa Kifaransa maneno yakatoka: "Shamba walilima pamoja." Neno moja tu, na nusu ya michikichi ikaondoka. "Nilimla yule mbuzi na pilau," alisema, "na sikuugua tumbo. Ndiyo maana nawaambia: mimi nimekuwa mdomo wa watu wengine. Najua mdomo unapindia wapi."

Nikamgeukia Mama Zaina usiku ule ule, nikasema, unaona? Mwizi! Akafikiri, akasema, "Kama nataka kujua jinsi mlango unavyovunjwa, nitamuuliza nani? Weye?"

Alikuwa mtu wa kupingana na nafsi yake, na mimi niliziweka tofauti zake kama mtoto anavyoweka gololi. Alifundisha watu wasiamini kitu bila kuuliza, lakini ukimuuliza yeye umri wake alinuna mpaka Ijumaa. Alisema anayesikiliza habari asiegemee upande, na kwenye karata aliiba waziwazi. Hakununua hata siku moja mapili ya redio, zile betri kubwa nilizoagiza mimi kutoka mjini. Na zilipoisha, alimtuma mtu kuniambia, kwa heshima, kwamba "redio yetu ina kiu". Redio yetu! Tena alikuwa na tabia ya kumsifu mke wangu mbele ya halaiki. "Mama Zaina anasikiliza kwa masikio mawili. Wengine hapa wanasikiliza kwa mdomo." Watu wanacheka, naye mke wangu anacheka kicheko fulani kinachoanzia chini tumboni, kinapanda polepole. Mimi niliyemuoa nilikuwa nakisikia kutoka ng'ambo ya njia, nimeshika bisibisi, saa ya mtu iko wazi mbele yangu.

Siku moja nikasema sasa basi. Nikazuia redio. Nilimdarizisha mshonaji kitambaa cheupe chenye maua, nikaifunika redio ili ionekane kitu cha nyumbani, nikatandika mikeka miwili, nikachemsha chai ya tangawizi, nikatangaza kwamba leo taarifa itasikilizwa kwa mwenye redio. Walikuja. Nikawatafsiria Kifaransa kwa sauti ya kipadri, sentensi ndefu, kila neno na mkia wake. Mzee mmoja alilala. Mkamuaji wa mawese akaniangalia kwa huruma.

"Baba Zaina, unasema muzuri sana. Lakini unasema nini?"

"Nimesema yaliyosemwa!"

"Na sisi tufanye nini nayo?"

Nikawaongezea chai. Kesho yake redio ikavuka njia tena, na kitambaa changu cha maua juu yake, na watu wakamsifu Mkalimani kwa kuipamba.

Zilipofika kampeni kabla ya Uhuru, ndipo maswali yale yalipotoka barazani na kuanza kutembea. Magari yalikuja na vipaza sauti. Bwana mmoja, jina lake halina faida hapa, alisimama kwenye soko la samaki akaahidi kuwajengea wauza samaki paa, maana walikuwa wakikaa juani, ndagala zinaharibika na wao wanaharibika. Watu wakapiga makofi. Mama Zaina, aliyekuwa akiuza mawese pembeni, akanyoosha mkono.

"Bwana mukubwa, hilo paa umeliona mahali, ao umeambiwa liko?"

Soko likacheka. Yule bwana akacheka pia, akasema litajengwa baada ya Uhuru.

"Na tukija kuuliza, tuulize nani?"

Akataja jina lake mwenyewe. Hilo lilikuwa kosa lake. Uhuru ukaja, tukaimba, tukacheza ngoma mpaka ufukweni; na mvua za mwanzo zilipoanza, mke wangu na wauza samaki wakaenda komini, kwa burugumesitiri, mkuu wa serikali wa pale kwetu. Hawakupiga kelele. Waliketi kwenye ngazi za ofisi na kila aliyeingia walimweleza, kwa maneno yale yale bila chumvi, nani alisema, alisemea wapi, mbele ya nani. Wakarudi tena. Na tena. Watu waliokuja ofisini kutafuta vyeti waliondoka wanaijua habari ya paa kuliko habari ya vyeti vyao. Mwishowe paa likajengwa, la mabati, linavuja kona moja, lakini paa.

Mimi siku hizo nilibaki nyumbani na Zaina mdogo, nikaunguza maharagwe. Mama Zaina aliporudi siku ya ushindi, amelowa, macho yanawaka, nilikuwa nimeandaa maneno ya kumpongeza. Akapita mlangoni kwetu mbio. "Nakuja!" akasema. Akaenda kwanza barazani kumweleza yeye.

Nakiri nilitamani paa lile lianguke. Si juu ya watu. Kidogo tu.

Kisha ukaja mwaka wa sabini na mbili. Mwenye kuujua hahitaji nimweleze, na asiyeujua sitaweza kumweleza wote. Mwisho wa Aprili milio ya risasi ilianza upande wetu wa ziwa. Kwanza walipita watu wenye mapanga wakaua watu. Kisha wakaja askari, na wanaume wakaanza kuitwa ofisini, na walioitwa hawakurudi. Ikakatazwa watu kukusanyika. Baraza la Mkalimani likabaki na mkeka uliokunjwa.

Na redio ikabaki kwangu.

Nitasema lilivyo: nilikuwa na furaha, furaha ya mjinga. Nje watu wanakufa, na mimi ndani nina redio yangu, nina mke wangu, madirisha yamefungwa, tunasikiliza wawili, magoti yetu yanagusana. Miaka kumi niliomba tukae hivyo. Sikutaka kwenda popote. Nikasema sisi ni Waswahili, haya si yetu, tukae ndani yatapita. Mke wangu aliisogelea redio. Alikuwa akisikiliza kwa masikio mawili.

Adhuhuri moja ikaja taarifa ya Kirundi. Ilisema kila mtu abaki mahali alipo, asisafiri, na atakayeitwa na wakubwa aende upesi. Baadaye ikaja ya Kifaransa. Mama Zaina hakuwa na Kifaransa. Akaizima redio katikati ya muziki, kama kule, akanigeukia.

"Imesema nini?"

Alikuwa hajawahi kuniuliza hivyo. Nikakizungusha kile kitufe kisicho na kazi. Maana Kifaransa kilisema kando ya ziwa mambo yameshatulia, barabara ziko wazi, watu wanaendelea na kazi zao. Na mimi niliona mara moja, kama unavyoona gurudumu la saa likiruka jino, kwamba nikimpa maneno haya mawili yakae pamoja, nyumba yangu imekwisha. Ningeweza kusema, imesema yale yale. Maneno matatu. Angeniamini, kwa sababu redio ilikuwa kwetu, na Kifaransa kile hakukisikia mwingine mwenye kukielewa. Tungebaki. Redio ingebaki. Yeye angebaki.

"Baba Zaina. Imesema nini?"

Nikamwambia, neno kwa neno.

Akakaa. Akasema polepole, "Kwa wageni: kumetulia, njia wazi. Kwetu: usitoke, ngoja uitwe." Akaniangalia. "Kama kumetulia, wanatuita kufanya nini?"

"Huyo ni Mkalimani anasema," nikamwambia, kwa hasira.

"Hapana, mume wangu. Yeye hayuko hapa. Mimi ndiye nauliza."

Alasiri hiyo alijifunga kanga akazunguka nyumba za mtaa wetu, mlango kwa mlango, na bakuli la mawese mkononi kama anayeuza. Hakumwambia mtu kimbia, wala hakumwambia kaa. Aliwapa taarifa zote mbili, hii ya Kirundi, hii ya Kifaransa kama nilivyomtafsiria mimi, na kila mtu apime. Wengine walisema anatia watu hofu. Wengine wakaanza kufunga mizigo. Kulipopambazuka, saa mitumbwi ya ndagala inarudi na ufuo umejaa makelele na vikapu, hakuna anayetazama nani anashuka na nani anapanda, tukapanda. Tukapita Kigwena, tukapita Kabonga, jua linatuchoma, Zaina anatapika. Ndivyo tulivyofika Tanzania, na ndivyo mimi, mtu wa dirishani, nilivyokuwa mkimbizi.

Mkalimani hakuja. Alikuwa na dada yake kipofu asiyeweza kubebwa, na vikongwe wengine wa mtaa walisema hawaondoki. Kabla hatujashuka ufukweni Mama Zaina alipita kwake. Nilisimama njiani nikiwaona. Hawakugusana hata mikono. Alimkabidhi redio, na kitambaa chake.

"Hao wanaobaki watasikiliza nini?" aliniuliza.

"Na mimi?"

"Weye utanisikiliza mimi."

Katika wale waliosema tunatia hofu, kuna ambao sikuwaona tena duniani. Ninapofikiri hilo, wivu wangu unakaa chini kidogo. Kisha unasimama.

Miaka mingi baadaye nilirudi Rumonge kutazama kiwanja chetu. Mama Zaina alibaki Ujiji, ana biashara yake huko, na kila kamati ya soko inamwogopa. Mwenyewe nilijiambia nakwenda kwa ajili ya kiwanja. Uongo. Nilikwenda kuchukua redio.

Nilimkuta Mkalimani barazani. Urefu wote umekunjika, kanzu haisimami tena, lakini harufu ya karafuu ilinipokea mlangoni. Redio ilikuwa pembeni yake juu ya kigoda, na kitambaa changu, kimekuwa rangi ya chai. Kuhusu mwaka ule, wengine waliniambia kwamba askari walimwita awatafsirie, na kwamba alipinda maneno ya watu fulani mpaka watu hao wakarudi kwao wazima. Wengine wakasema hakuitwa kabisa, alijificha kwenye michikichi. Sikuona, nimeambiwa. Nilipomgusia, alinuna.

"Amahoro, fundi saa," alisema. "Umekuja kufuata redio yetu."

"Yangu."

"Mama Zaina hajambo?"

"Hajambo." Nikasema ghafla, bila kujipanga, "Ulikuwa unamtaka?"

Hakushtuka. Alitengeneza fimbo yake magotini. "Nani anasema?"

"Mimi."

"Uliona, ao uliambiwa?"

"Nilisikia. Alikuwa akicheka hapa kila siku. Kwangu hakucheka vile."

"Kwako alikuwa akiulizwa nini?"

Kuku akapita kati yetu. Baadaye Mkalimani akasema, kwa sauti nyingine, ya kazini labda, "Watu waliobaki waliniambia habari ya siku ile. Kirundi Mama Zaina alisikia mwenyewe. Kifaransa ulimpa weye. Uliongeza neno?"

"Sikuongeza."

"Ulipunguza?"

"Hapana."

"Na ulitaka kubaki."

"Nilitaka kubaki."

Alinigeuzia macho yake yenye ukungu wa uzee. "Mimi ningeongeza," akasema. "Kwa mwanamuke kama yule, fundi saa, mimi ningeweka chumvi."

Sijui niliondokaje pale. Nilitembea hadi ziwani kama kijana aliyepewa cheti. Mkalimani! Mbele yangu! Nilirudi Ujiji njia nzima nikilirudia lile neno ili nisilivunje, na nilipofika, kabla ya kunawa uso, nikamkalisha Mama Zaina nikampa yote, bila chumvi, mpaka mwisho: mimi ningeongeza.

Alisikiliza kwa masikio mawili.

"Nani kasema?"

"Yeye mwenyewe."

"Alitaka ufanye nini baada ya kusikia?"

Nikafungua mdomo. Kisha nikatazama mikono yangu, iliyokuwa mitupu, na mfuko wangu wa safari, uliokuwa na kanzu moja na mswaki.

"Redio iko wapi, Baba Zaina?"

Ndipo kilipoanza, chini kabisa tumboni, kikapanda polepole, kile kicheko. Safari hii hakikuvuka njia yoyote kunifikia.